Damu Iliyofika Hai

"Damu yako imefika imekufa," sauti ya mwanamke ilisema kwenye simu.

Mama Nyuki alikuwa amepiga magoti jikoni kwake, akikwangua nta iliyoganda kwenye ukingo wa sufuria. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kukwangua.

"Imekufa? Mbona mwenyewe bado nipo?"

Upande wa pili mwanamke yule akacheka kicheko cha mtu ambaye hakutegemea kucheka akiwa kazini. Akajieleza. Yeye ni mtaalamu wa maabara katika hospitali kuu. Kipimo alichoandika daktari si kama vingine. Vingine damu hukaa kwenye friji hata wiki na majibu yakatoka vilevile. Hiki kinataka seli zikiwa hai, zenye nguvu ya kukasirika. Sasa damu ya Mama Nyuki ilitoka zahanati ya mtaani kwake ikapakiwa kwenye gari la vifurushi, ikazungushwa juani kutwa nzima, ikalazwa stoo, na ilipofika mezani hapakuwa na seli hata moja ya kukasirishwa.

"Ndiyo maana nakuomba uje mwenyewe, mama. Nikutoe damu hapahapa, niipime ingali na uhai wake."

"Nitakuja," Mama Nyuki alisema. "Safari hii nitaileta kwenye chupa yake ya kuzaliwa."

Alipoweka simu chini alimkuta binti yake amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa na chumba chake mwenyewe upande mwingine wa mji, lakini tangu siku mama yake alipoanguka alikuwa amehamia hapa na begi moja, akatandika godoro sakafuni kando ya kitanda cha mama, na kila mama alipokohoa yeye alikuwa ameshakaa kitako.

"Wananitaka kesho maabara," Mama Nyuki alisema.

"Kipimo kingine? Mama, tumeshaambiwa. Mwili wako umewakataa nyuki. Unataka uambiwe kwa lugha gani? Na yule bwana anakuja Jumamosi na lori."

Yule bwana alikuwa mfugaji wa nyuki wa ng'ambo ya mto, mtu mstaarabu, aliyekubali kuichukua mizinga yote kwa mkupuo. Binti ndiye aliyempigia. Hakumficha mama yake, wala hakumwomba ruhusa.

"Aje tu," Mama Nyuki alisema. "Kwani leo Jumamosi?"

Hakuwa mtu wa kubishana. Zamani, kabla ya kuitwa jina hilo, alikuwa mfua nguo hotelini, na asubuhi moja kundi la nyuki lilitoka kusikojulikana likatua kwenye kapu la mashuka safi uani. Wenzake walitimua mbio. Meneja alijifungia ofisini. Yeye alibaki, kwa kuwa zamu ya kukunja ilikuwa yake, akayaanua mashuka yaliyosalia kwenye kamba na kuyakunja mojamoja huku nyuki wakimtembea vidoleni. Jioni alilifunika kapu kwa shuka, akalibeba mpaka nyumbani. Kapu halikurudi hotelini, na baada ya muda yeye naye hakurudi.

Siku hizi mizinga yake ilikaa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, mahali ambapo ukuta ulikinga upepo na magugu yalichanua pasipo kupandwa na mtu. Kwa asali na nta alimlea binti na kumsomesha mpaka chuo cha ualimu. Aliumwa na nyuki mara zisizo na hesabu. Akiumwa alikwangua mwiba kwa ukucha, akasema "haya, pole na wewe," akaendelea.

Mpaka siku ile. Alikuwa ameinama juu ya mzinga wa pembeni, ule ulio karibu kabisa na ukuta, alipohisi mchomo kwenye kifundo cha mkono, pale glavu ilipoachia nafasi. Hakuugeukia hata kuutazama. Lakini kabla hajarudisha kifuniko, viganja vilianza kumwasha kwa ndani, kama vinavyowashwa na moto uliofukiwa. Kisha midomo ikawa mizito. Kisha koo. Binti yake, aliyekuja kumletea chakula cha mchana, alimkuta amepiga magoti akivuta pumzi isiyoingia. Kilichofuata Mama Nyuki alikisimuliwa tu: kubebwa mgongoni, gari la mboga lililosimamishwa barabarani, sindano ya pajani kwenye mlango wa chumba cha dharura.

Kipimo cha kwanza kilisema ana mzio wa sumu ya nyuki, na wa sumu ya nyigu pia. Daktari wa mzio aliyatazama majibu yale akakuna kidevu. Sumu za wadudu hao, alisema, zina vitu vinavyofanana, na kipimo cha kawaida huweza kuwachanganya kama jirani anayewachanganya mapacha. Akaandika kipimo cha pili, hiki cha seli hai. Binti hakukisikia tena. Yeye alikuwa ameshasikia neno nyuki, na likamtosha.

*

Maabara ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyonukia dawa ya sakafu. Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya koti imekunjwa, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Alimkalisha Mama Nyuki, binti akiwa amesimama nyuma yake, akaupapasa mshipa kwa kidole kimoja, akaingiza sindano kabla mazungumzo hayajakatika.

"Mkono mwepesi," Mama Nyuki alimsifu. "Ungefaa kwa nyuki."

"Niache na seli zangu, mama. Zangu haziruki."

Damu ilijaa kwenye chupa ndogo. Mtaalamu hakuiweka kwenye trei pamoja na nyingine. Aliigeuzageuza polepole kiganjani, akaenda nayo moja kwa moja mezani, na kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa mwingine mlangoni aliwaita wote wawili wasogee, mradi wasiguse kitu.

Aliigawa damu kwenye mirija midogo. Mmoja hakuutia chochote. Wa pili aliutia kichokozi ambacho seli yoyote yenye afya lazima ishtuke ikikutana nacho. Wa tatu aliutia sumu ya nyuki, wa nne sumu ya nyigu, halafu mingine ya sumu hizohizo kwa nguvu tofauti. Yote aliitumbukiza kwenye maji yenye joto kama la mwili.

"Kwenye damu kuna seli chache sana za ulinzi," alisema, macho yake yakiwa kwenye mirija. "Mlinzi akimwona adui anayemfahamu, anatoa alama nje ya ngozi yake. Mimi natia rangi inayong'ang'ania alama ile tu. Baadaye mashine inazipitisha seli mojamoja mbele ya mwanga. Iliyoshtuka inang'aa. Isiyoshtuka inapita zake."

"Na zisiposhtuka zote?" binti aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu waingie.

"Swali zuri. Wapo watu wachache ambao seli zao hazishtuki kwa lolote. Ndiyo kazi ya ule mrija wa kichokozi. Huo ukinyamaza, majibu yote hayana maana, na nitawaambia hivyohivyo, sitawapaka mafuta."

Tone moja lilikuwa limebaki. Mtaalamu alilidondosha kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini, akamkaribisha Mama Nyuki kwenye kiti chake. Mwanzoni aliona ukungu, halafu ukungu ukakazika ukawa vitu. Seli nyekundu, mviringo, zilikuwa zikisukumana na kuachiana nafasi. Katikati yao ilipita moja kubwa isiyo na rangi, ikijivuta, ikitoa kama kiwiko upande mmoja na kujikusanya upande mwingine.

"Ile inakwenda wapi?" alinong'ona.

"Inapiga doria. Ni chembe nyeupe. Imetolewa kwako sasa hivi, bado haijui imehama."

Mama Nyuki alicheka bila kuondoa jicho. Aliishi na vitu hivi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumtambulisha kwavyo. "Na mzio wangu uko wapi hapa?"

"Hapo huuoni, mama, na mimi siuoni. Kuna watu wanaotembea na hadubini, wanakuonyesha tone lako na kukutajia magonjwa yote ya dunia. Kwa kutazama tu hivi, hakuna. Hii nimekuonyesha kwa sababu ni nzuri." Akavaa miwani yake. "Jibu liko kwenye yale maji. Kanyweni chai."

*

Hawakunywa chai. Walikaa kwenye benchi la korido, na Mama Nyuki akasema, "Sijui kwa nini unanikasirikia."

"Sijakukasirikia."

"Umeiuza mizinga yangu kwa furaha?"

Binti aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa imara, ile ya kuwatuliza watoto wengi kwa wakati mmoja. "Mama, wewe hukujiona. Unasimulia kama kichekesho, gari la mboga, ulivyonukia vitunguu mpaka wodini. Watu wanacheka na wewe unacheka. Mimi ndiye niliyekuona. Midomo yako ilikuwa ya kijivu. Nilikuita ukanitazama kama hunifahamu. Nikilala naiona sura ile. Kila ukichelewa kurudi naiona. Sasa wewe niambie, ningefanya nini?"

Mama Nyuki hakutia utani safari hii. Alichukua mkono wa binti akauweka juu ya paja lake. Kwa wiki zote hizo alikuwa amehesabu ya kwake: mizinga yake, kazi yake, pumzi yake. Hakuwahi kufikiri kwamba anguko lile lilikuwa na mtu wa pili ndani yake.

"Pole, mama," alimwambia bintiye. "Pole sana."

Walikuwa bado wameshikana mikono daktari wa mzio alipofika, mtu mrefu mwenye viatu vya kupiga kelele. Aliketi nao palepale kwenye benchi. Alitaka kuisikia siku ile upya, alisema, tangu mwanzo. Na masimulizi yalipofika kwenye mchomo akauliza, "Mwiba ulitolewa na nani?"

Mama Nyuki alifikiri. Ukucha wake ulikuwa na kumbukumbu ya miiba yote, lakini siku ile haukukumbuka kitu. "Sikupata nafasi. Labda kule dharura."

"Kule hawakuandika chochote."

"Hapakuwa na mwiba," binti alisema polepole. "Niliutafuta. Mama amenifundisha tangu utotoni kuukwangua haraka, kwa hiyo nilimvua glavu nikautafuta. Palikuwa na tundu tu, jekundu. Nikadhani nimeshindwa kuuona kwa sababu nilikuwa natetemeka."

Wote watatu walikitazama kifundo cha mkono wa Mama Nyuki. Nyuki anapouma huuacha mwiba wake kwenye ngozi na kufa. Nyigu huondoka na wake.

"Inaweza kuwa hivyo," daktari alisema mwishowe, "na inaweza kuwa mwiba ulidondoka kwenye purukushani. Siwezi kumrudisha mtu mizingani kwa kumbukumbu ya mkono uliotetemeka. Tusubiri seli zenyewe ziseme."

Zilisema alasiri. Mtaalamu aliwaita, akawageuzia kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na vidoti, maelfu, vimetawanyika kama unga uliopulizwa. Alionyesha mrija usiotiwa kitu: vidoti vyote vimelala chini. Alionyesha wa kichokozi: wingu zima limeruka juu.

"Kwanza mjue hilo. Seli zako ziko macho, mama. Zinajua kukasirika."

"Hilo ningeweza kukuambia mimi," binti alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kama tabasamu kikampita.

"Nyigu." Wingu likaruka juu vilevile, hata kwa sumu iliyopunguzwa sana.

Mama Nyuki alishika ukingo wa meza.

"Na nyuki."

Vidoti vilikuwa vimelala chini, vimetulia kama kwenye ule mrija usiotiwa kitu. Mtaalamu akafungua picha nyingine. "Hii ni kali zaidi." Vimelala. "Nikarudia tangu mwanzo, nisije nikawa nimekosea mrija." Vimelala.

"Nyuki hawakunifanya kitu," Mama Nyuki alisema, kama mtu anayesafishia wengine jina.

Daktari aliinua mkono. "Ngoja nimalize, mama. Kipimo hiki kinaungana na ule mchomo usio na mwiba, na mimi naviamini vyote viwili kwa pamoja. Lakini sikupi hati ya kwamba nyuki hatakudhuru mpaka mwisho wa maisha. Mwili hubadilika. Utaanza sindano za kuuzoesha mwili sumu ya nyigu, kidogokidogo, na hilo ni jambo la miaka, si la siku. Sindano ya dawa ya dharura itakuwa mfukoni mwako hata ukienda chooni. Na mizingani hutakwenda tena peke yako. Awepo mtu wa pili anayejua kuichoma sindano hiyo bila kusita."

Mama Nyuki, ambaye hakuwahi katika maisha yake kumwomba mtu amsindikize kazini, hakumtazama yeyote.

"Nionyeshe," binti alimwambia daktari.

Akapewa sindano ya kujifunzia, isiyo na ncha. Aliibana ngumini, akaisukuma kwenye paja la mama yake kupitia nguo, akaishikilia pale. Daktari akasema vizuri. Binti akasema bado, akarudia. Akarudia tena, mpaka mkono ukaacha kufikiri.

*

Usiku ule Mama Nyuki alimsikia binti akizungumza na yule bwana wa ng'ambo ya mto kwenye simu uani, kwa sauti ya chini na ya heshima. "Nisamehe sana, baba. Nilikusumbua bure. Hapana, haiuzwi. Hapana, wala mmoja." Hakurudi ndani upesi. Aliporudi alijilaza kwenye godoro lake.

Kesho yake nyigu walikuwa rahisi kuwapata, kwa kuwa sasa mama na binti walijua cha kutafuta. Mama Nyuki alisimama mbali, nje ya lango bovu la kiwanda, akautazama ukuta kwa muda mrefu kama fundi anayetafuta ufa, na akawaona wakiingia na kutoka chini ya kizingiti cha juu cha dirisha lililozibwa, futi chache juu ya ule mzinga wa pembeni. Kiota kilining'inia kwa kikonyo chembamba, rangi ya kijivu, mfano wa ua la karatasi.

"Nitamtafuta kijana wa kuwatoa," alisema.

"Mtu wa nje atawapulizia dawa, na dawa itawaangukia nyuki," binti alisema. "Si ndivyo ulivyoniambia wewe?"

"Nilikwambia ukiwa mdogo. Ulikuwa unasikiliza?"

"Nipe vazi."

Kwa hiyo jua lilipoanza kushuka, wakati nyigu wote wamerudi kulala, ilikuwa binti aliyevaa suti nyeupe. Ilimbana mabegani na kumpwaya kiunoni. Mama alizifunga glavu kwa mikono yake mwenyewe, akazizungushia utepe mara mbili pale kwenye vifundo, akavuta zipu ya wavu mpaka ikagoma. Kisha akarudishwa nyuma, mbali, mpaka kwenye lango, sindano ikiwa mfukoni mwake na nyingine mfukoni mwa binti.

Haikuwa rahisi kusimama pale. Mikono yake yote miwili ilijua la kufanya na hakuna hata mmoja uliokuwa na kazi.

"Mfuko kwanza!" alipaza sauti. "Ufunike wote, halafu ndiyo ukate!"

"Najua, mama!"

"Usiharakishe!"

"Mama!"

Mama Nyuki akashika lango. Aliiona ile suti ikipanda juu ya kreti, mkono ukinyanyuka na mfuko uliotanuliwa, polepole kama unaoinua chandarua juu ya mtoto. Mfuko ukakimeza kiota. Mkono mwingine ukakata kikonyo. Ukasikika mvumo mkali, mwembamba, wa hasira, na kwa pumzi moja suti haikusogea kabisa. Kisha binti akaukaza mdomo wa mfuko, akashuka, akauzamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kuukandamiza kwa jiwe. Mvumo ukafifia. Ukakatika.

"Tayari!" binti aliita. Alikuwa akihema, lakini sauti ilikuwa na kitu ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu binti alipokuwa msichana anayerudi na alama nzuri. "Tayari, mama! Umeona?"

"Nimeona! Sasa njoo!"

Binti aliiokota ndoo, akapiga hatua mbili kuelekea langoni, akasimama. Mzinga wa pembeni ulikuwa kando yake, haujaguswa tangu siku ile. Kifuniko kilikaa upande, jinsi kilivyoachwa.

Aliiweka ndoo chini. Alikishika kifuniko kwa mikono miwili akidhamiria kukiweka sawa, labda, lakini badala yake akakinyanyua. Nyuki wachache walitoka katika mwanga uliobaki, wakamtua kwenye mikono na kwenye wavu wa uso. Hakuwapangusa. Aliinama zaidi, kichwa kikiwa kimeelekea upande mmoja, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa chumba anachosikia ndani yake watu wakizungumza kwa sauti ya chini.

Kule langoni Mama Nyuki alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kumwita. Akaishikilia, akamwacha asikilize.